Juisi ya vepu na moshi wa sigara: unachovuta hasa ni kitu gani?

Kijana wa dukani alinipa jibu kabla sijauliza swali. "Kaka, hii haina neno, ni gliserini tu. Ile ile wanayopakwa watoto." Nilikuwa nimeshika chupa yake ndogo ya mililita 30 ya juisi ya vepu, ile sigara ya umeme, naigeuza huku na huku kutafuta maandishi. Mbele kulikuwa na picha ya embe lililokatwa na vipande vya barafu. Nyuma, onyo moja la kuiweka mbali na watoto, basi. Kiasi cha nikotini, jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi: hamna. Wakati huo nilikuwa na miaka 14 ya sigara kifuani, pakiti moja kwa siku mbili, na nilitaka kuhama.

Alichosema kilikuwa kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Gliserini tunaijua, iko kwenye meza za vioo za nyumba nyingi, hasa kipupwe kikiingia na ngozi kuanza kupauka. Lakini ngozi ni ngozi na pafu ni pafu. Isitoshe, mvutaji sigara hachagui kati ya juisi na hewa safi. Anachagua kati ya juisi na kile anachokivuta tayari. Kwa hiyo tuviweke viwili hivyo pamoja tuvitazame.

Ndani ya chupa

Juisi ya vepu ina vitu vinne: propilini glaikoli, gliserini ya mimea, nikotini na ladha. Viwili vya mwanzo ndivyo vinavyojaza chupa. Nikotini na ladha ni kama chumvi kwenye mchuzi. Lile wingu analotoa mvutaji linatokana na hivyo viwili, na wala si mvuke kama wa birika. Ni ukungu wa vitone vidogo mno vya kimiminika.

Propilini glaikoli haina rangi, ina utamu wa mbali, na bila shaka umeshaimeza bila kujua. Imo kwenye dawa nyingi za maji, kwenye keki za dukani, na kwenye sindano za diazepamu, ambako kazi yake ni kuyeyusha dawa isiyokubali maji. Ile mashine ya moshi inayowafunika maharusi wakiingia ukumbini mara nyingi hutumia hiyo hiyo au ndugu zake. Gliserini ni nzito zaidi na tamu zaidi, nayo hupatikana kutoka mafuta ya mawese, soya au nazi. Kwenye vyakula vya Ulaya ya kwanza huandikwa E1520, ya pili E422.

Neno "salama" limetokea huko, kwenye chakula na vipodozi. Usalama huo ulipimwa kwa kula na kupaka. Unachokula hupita tumboni, kisha kwenye ini, nalo ini hufanya kazi yake kabla damu haijakisambaza. Kifuani hakuna bawabu wa namna hiyo. Kinachofika kwenye vifuko vya hewa hukutana na damu papo hapo.

Si kwamba hakuna aliyewahi kupima kuvuta. Miaka ya 1940, Oswald Robertson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wakisambaza propilini glaikoli hewani, wakitafuta njia ya kuua vijidudu vya magonjwa vyumbani. Ili kujua kama inadhuru, waliwaweka kima na panya kwenye hewa hiyo kwa miezi 12 hadi 18, na matokeo waliyochapisha mwaka 1947 hayakuonyesha madhara ya maana kwenye mapafu. Wauzaji wa vepu wanaupenda sana utafiti huo. Wasichokisema ni kwamba kima wale hawakuwa wakivuta kitu kilichotoka kugusa waya wa moto sentimita chache kutoka mdomoni. Halafu kuna wafanyakazi wa majukwaani wanaoshinda na mashine za moshi. Walipochunguzwa huko British Columbia, Kanada, wengi walilalamikia kikohozi na koo kukauka, na wale waliofanya kazi karibu zaidi na mashine mapafu yao yalikuwa na nguvu pungufu.

Kwa hiyo msingi wa juisi si sumu, na si hewa.

Ndani ya moshi

Sigara haihitaji kutiwa kitu kibaya ili iwe mbaya. Chukua jani safi la tumbaku lililolimwa bila dawa yoyote, likunje, liwashe, na tayari umeshaharibu. Ncha ya sigara unapovuta hufika nyuzijoto karibu 900. Kwenye joto hilo jani halichemki. Linavunjika na kuzaliwa upya kama kemikali zaidi ya 7,000, zisizopungua 70 kati yake zikiwa zinajulikana kuleta saratani. Pasua kichungi cha sigara iliyokwisha uone. Kilikuwa cheupe kama pamba, sasa kina rangi ya chai. Hiyo ni lami iliyonaswa. Iliyopita umebaki nayo wewe.

Kuna gesi moja ambayo hatuhitaji maabara kuielewa. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa, wasiamke. Kaboni monoksidi ile ile imo kwenye kila sigara. Hujibandika kwenye damu mahali pa oksijeni. Mvutaji haanguki kwa sababu dozi ni ndogo, lakini moyo wake unasukuma damu iliyopunjwa kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka. Juisi ya vepu haiwaki, kwa hiyo gesi hiyo karibu haina pa kutokea. Ningeambiwa nitaje tofauti moja tu kati ya vitu hivi viwili, ningeitaja hiyo.

Ya pili ni nitrosamini, sumu za saratani zinazozaliwa tumbaku inapokaushwa na kutunzwa. Kwenye juisi zipo kwa chembe tu, kwa kuwa nikotini yenyewe kwa kawaida imetolewa kwenye tumbaku.

Halafu kuna jambo ambalo lilinichekesha nilipolijua. Viwanda vya sigara navyo huongeza gliserini na propilini glaikoli kwenye tumbaku ili isikauke ikavunjikavunjika. Shisha ndiyo usiseme: ule unata wa tumbaku yake ni molasi na gliserini, kisha juu yake unaweka mkaa unaowaka. Jamaa anayesema "mimi naogopa kemikali za vepu, bora sigara yangu ya asili" anavuta zile zile, zimepitishwa motoni.

Mafuta yakiungua jikoni

Kama umewahi kukaanga mihogo ukasahau karai kwenye moto, unaujua ule moshi unaokufanya utoke jikoni macho yakikuwasha. Kinachochoma pale kinaitwa akrolini, na chanzo chake ni gliserini iliyofungwa ndani ya mafuta, joto likiinyang'anya maji. Gliserini ya vepu hufanya vivyo hivyo koili, ule waya unaopasha juisi, ikizidi moto. Pamoja na propilini glaikoli, zikivunjika hutoa pia fomalidehaidi. Hiyo ukiiyeyusha kwenye maji unapata fomalini, ile ya mochwari.

Kiasi gani? Hapo ndipo wataalamu walipogombana. Januari 2015 watafiti wa Portland State University ya Marekani walichapisha barua katika New England Journal of Medicine. Kifaa chao kikiwa kwenye volti 3.3 hawakuona fomalidehaidi waliyokuwa wakiitafuta. Kilipofika volti 5 waliiona, tena kwa makadirio yaliyoizidi ya sigara. Magazeti yakalipuka. Wakosoaji wakajibu kwamba kwa kifaa kile, volti 5 ni kuunguza pamba inayonyonya juisi ikiwa kavu, na ladha yake hakuna binadamu anayeivumilia.

Nina la kusema hapa kwa sababu nimewahi kuivuta. Nilikuwa kwenye foleni ya magari, juisi imeisha na mimi sina habari. Mvuto mmoja tu, koo likashikwa kama nimelamba plastiki inayoungua, nikakohoa mpaka machozi. Nilipofika nyumbani niliifungua koili. Pamba iliyokuwa nyeupe imekuwa kahawia pembeni na nyeusi tii katikati, na waya umeshika ukoko kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Wakosoaji wana haki: hakuna anayerudia mvuto wa namna hiyo. Ila kati ya koili mpya na koili iliyokufa kuna siku nyingi za ladha inayoharibika kidogo kidogo, na mwenye kubana matumizi huendelea nayo tu, maana koili mpya ni hela. Mimi niliendelea nazo zaidi ya mara moja.

Vifaa vikitumika kawaida, picha ni nyingine. Maciej Goniewicz na wenzake walipima vepu za aina 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2014: sumu walizozitafuta zilikuwa pungufu kwa mara 9 hadi 450 kuliko za moshi wa sigara, kutegemea ni sumu ipi. Mashabiki hutaja 450, wapinzani hutaja 9. Zote mbili ni za kweli, na hata 450 si sifuri. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins nao walipima vifaa vya wavutaji 56 wakakuta risasi, nikeli na kromiamu, nyingi zaidi kwenye juisi iliyokwisha kupita kwenye koili kuliko iliyokuwa bado chupani. Madini hayo, basi, yanatoka kwenye waya.

Ukishaamua vepu, swali linalofuata ni mchanganyiko. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzijoto 188, gliserini kwenye 290. Ya kwanza hukausha koo, na wapo inaowapa mwasho; hao watajijua ndani ya siku chache. Ya pili ni laini kooni lakini nzito, hupenya pamba taratibu na kudai moto zaidi. Vijana wanaoshindana kutoa mawingu makubwa hutumia gliserini nyingi na umeme mwingi, yaani wanasogea kule kule kwenye karai la mihogo. Kwa mtu anayetafuta kuachana na sigara, nusu kwa nusu kwenye kifaa kidogo chenye nguvu ndogo inatosha kabisa.

Kilichotiwa juu yake, na nani amekitia

Kwa maoni yangu hatari kubwa ya juisi haiko kwenye hivyo vimiminika viwili. Iko kwenye kilichoongezwa.

Daiasetili ni ladha ya siagi, tamu na salama kuila. Wafanyakazi wa viwanda vya bisi vya Marekani walioivuta hewani kila siku waliharibika njia ndogo za hewa zisiweze kupona. Uingereza hairuhusu iwekwe kwenye juisi. Mfano huo peke yake unatosha kuonyesha umbali uliopo kati ya tumbo na pafu.

Mafuta ndiyo nisiyotaka hata kuyasikia. Nimekutana na watu wanaodondoshea juisi yao mafuta ya mkaratusi "kufungua kifua". Gliserini, licha ya kuzaliwa kwenye mafuta, huyeyuka kwenye maji. Mkaratusi, mnanaa na karafuu ni mafuta kweli, na pafu halina sabuni ya kuyatoa. Marekani walilipia somo hili mwaka 2019. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa kwa kuumia mapafu, vifo vikiwa 68. Mhusika mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, mafuta yaliyotumiwa na wauzaji wa mitaani kuzidisha uzito wa juisi ya bangi. Haikuwa propilini glaikoli wala gliserini. Lakini vepu ni chombo tu, hupeleka kifuani chochote ulichotia.

Kisha kuna dada mbaya wa propilini glaikoli, daiethilini glaikoli. Wanafanana kwa macho, na huyu huua figo. Mwaka 1937 dawa ya maji iliyoyeyushwa nayo iliua watu zaidi ya 100 Marekani. Mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walifariki Gambia, na dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vyao zilikutwa na daiethilini na ethilini glaikoli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipopima katriji (vichupa vya juisi vya kuchomeka) 18 za vepu mwaka 2009, moja ilikuwa nayo, karibu asilimia 1. Ndiyo maana chupa ya maana huandika kwamba viambato vyake ni vya daraja la dawa, ikiwa na herufi kama USP au EP, pamoja na miligramu za nikotini kwa mililita na namba ya toleo. Ile chupa ya embe haikuwa na hata kimoja. Nilipomuuliza yule kijana asilimia za mchanganyiko, alinitazama kama nimemuuliza umri wa mama yake. Niliiacha juu ya kaunta.

Pakiti ya sigara, kwa upande wake, huwa na onyo, jina la kiwanda na stempu ya kodi. Kinachokuua kimesajiliwa vizuri.

Miilini mwa watu

Vipimo vya mashine vina mwisho wake. Mwaka 2017 Lion Shahab wa University College London na wenzake walipima mate na mikojo ya watu 181. Waliohama kabisa kutoka sigara kwenda vepu, wakakaa huko angalau miezi sita, walikuwa na alama ya nitrosamini moja hatari pungufu kwa asilimia 97 kuliko wavuta sigara. Waliokuwa wakivuta vyote viwili? Karibu sawa na wavuta sigara wa kawaida.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Vepu ofisini, sigara baa. Vepu mbele ya mke, sigara na washkaji. Mimi niliishi hivyo miezi minne, nikajihesabia nusu ya faida. Faida yenyewe karibu haikuwapo.

Na kuhama kunawezekana. Jaribio la Peter Hajek huko Uingereza, lililochapishwa 2019, lilikuwa na watu 886. Mwaka mmoja baadaye, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa bandiko, bazoka na vidonge vya nikotini. Lakini kati ya hao waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta hiyo vepu. Waliacha moto, hawakuacha nikotini.

Utasikia pia kwamba vepu ina nafuu ya asilimia 95. Namba hiyo ilitangazwa na mamlaka ya afya ya Uingereza mwaka 2015, nayo ni makadirio ya wataalamu waliokaa mezani. Haikupimwa kwa mizani. Mimi naamini imeelekea upande sahihi, ila siwezi kumwapia mtu kwayo. Vepu ya kisasa iliundwa na Mchina Hon Lik mwaka 2003. Saratani ya mapafu huchukua miaka 20, 30 kujitokeza.

Nani achague nini

Serikali zenyewe zimesoma karatasi zile zile zikatoka milango tofauti. Uingereza mwaka 2023 ilitangaza kuwagawia wavuta sigara milioni moja vifaa vya vepu, kisha Juni 2025 ikapiga marufuku zile za kutumia na kutupa kwa sababu watoto wamezivamia. Uganda ilifunga mlango mapema, sheria yake ya mwaka 2015 inakataza kuziingiza na kuziuza, kwa hiyo ukiwa Kampala ulinganisho huu wote ni wa kusoma tu. India ilipiga marufuku 2019. Falme za Kiarabu, mwaka huo huo, ziliruhusu.

Kama unavuta sigara kila siku na umejaribu kuacha ukashindwa, vepu yenye chupa inayosomeka ni afadhali kuliko sigara, kwa sharti la kuhama jumla. Usipunguze, hama. Bandiko na bazoka za nikotini ni safi zaidi, maana hazipiti kifuani kabisa, na nikotini ya namna hiyo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Shida ni kuzipata kwenye maduka yetu ya dawa, na bei. Mjamzito aanzie kliniki, asianzie dukani. Mwenye pumu pia aende na daktari wake, kwa sababu propilini glaikoli inaweza kumkaba.

Ukiwa na watoto nyumbani, chupa ifungiwe juu, pamoja na dawa za panya. Mwishoni mwa 2014 mtoto wa mwaka mmoja alikufa jimbo la New York baada ya kunywa nikotini ya maji. Ina harufu ya pipi, mtoto atafanyaje?

Mpwa wangu ana miaka 17. Sikukuu iliyopita nilimkuta uani na kijiti cha rangi ya zambarau, kinanukia zabibu. Hakushtuka hata kidogo.

"Mjomba, si ulisema mwenyewe hizi ni salama?"

"Nilisema ni salama kuliko sigara. Wewe unavuta sigara?"

"Hapana. Sijawahi."

"Sasa kwako ni salama kuliko nini?"

Alikaa kimya akikigeuzageuza mkononi. Kisha akakirudisha mfukoni, akaniuliza kama wali umeiva.